Mwalimu Gaudiosa na Kidole cha Sita

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Biolojia, kwanza Liuli na kisha hapa shuleni kwetu Ruanda, Mwalimu Gaudiosa Kapinga anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Chaki anatuachia, boksi lake la mayai amekataa katakata.

Boksi hilo la kuangulia vifaranga, linalopashwa joto kwa chemli, ndilo lililokuwa maabara yake. Kila yai aliliandika tarehe kwa penseli, na siku ya nne alipasua moja kuonyesha vichipukizi vya mabawa. Mpishi wetu, Damiano, alidhani ni tarehe za mwisho za kuliwa, akaamua kuwakaangia wakaguzi. Alipopasua la pili alikimbia jiko.

Somo lake la vidole hatulisahau. Kwenye kichipukizi cha mkono, upande kitakapoota kidole kidogo, kuna seli zinazotoa ishara kwa amri ya jeni. Ni kama kukaanga usipa, dagaa wa ziwani: aliye mlangoni hupata harufu kali, aliye barabarani hupata kidogo. Ndivyo seli zinavyojua ziwe kidole gani. Jeni ikibadilika, ishara husomwa vingine na kidole huweza kuongezeka. Si laana, wala si kosa la mama.

Hilo la mwisho nalijua vizuri. Mwaka 2014 mke wangu, Vitalia, alijifungua mtoto mwenye vidole sita mkono wa kushoto. Mama yangu alisema ukoo wetu haujawahi kuwa na jambo hilo, Vitalia arudishwe kwao Mbamba Bay. Mzigo ukafungwa. Mimi, mwalimu mzima wa Jiografia, nilinyamaza.

Mwalimu Gaudiosa alipanda kilima hadi nyumbani kwetu bila kualikwa. Aliwaamkia wazee, akaketi, akaomba kila mmoja anyooshe mikono. Pembeni mwa kidole kidogo cha baba yangu, Mzee Alphonce, palikuwa na kovu dogo la mviringo. Baba akakumbuka alivyoambiwa na bibi yake: alizaliwa na kidole laini pale, kikafungwa uzi hadi kikadondoka, na habari ikaishia hapo. Wakunga wetu wamefunga nyuzi hizo miaka nenda rudi, ndiyo maana kila ukoo unaapa kwamba kwao hakuna.

Mama aliufungua mzigo wa Vitalia kwa mikono yake, akazirudisha kanga sandukuni moja moja.

Mwalimu, shule nzima inakushukuru. Tunakuombea afya, kahawa inayozaa na vifaranga wengi. Nami nina shukrani yangu peke yangu. Siku ile Vitalia alipata wa kumtetea, na aliyepaswa kumtetea ni mimi.