Pikipiki ya Cephas kwa Cherehani ya Pauline

Benchi la Monicah muuza kahawa, pale Suna, lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili yaliyowekwa karibu mno. Aliyekaa upande mmoja akiinuka bila kuaga, wa upande wa pili huenda chini na kikombe chake. Kwa hiyo wateja wa hapo walikuwa na adabu moja tu maishani: kuaga. Jumamosi hiyo, mwaka wa tatu baada ya Uhuru, walikuwa wanne. Huku mwisho alikaa Dishon, aliyeitwa Burma kwa kuwa alikwenda vitani huko na hakuruhusu mtu asahau. Kule mwisho alikaa Walter, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kuzimia. Katikati walikuwa Maroa, Mkuria fundi wa baiskeli, aliyeitwa Injinia, na Mwalimu Elkanah, ambaye hakuwa na jina la utani kwa sababu wenzake walimwogopa kidogo; na tangu afiwe na mkewe mwaka uliopita, walimwogopa zaidi. Chini ya miguu ya Mwalimu palikuwa na cherehani ya mkono, ndani ya kifuniko chake cha mbao, imefungwa kwa kamba ya katani.

— Rudia pole pole, japuonj, mwalimu wetu, alisema Redio. Wewe unampa Filister, mjane wa Cephas, cherehani, yeye anakupa pikipiki.

— Ndiyo.

— Na hiyo pikipiki inatembea?

— Haitembei. Kuku anataga kwenye kiti chake.

— Yawa! Na wewe ndiye unafundisha watoto wetu hesabu.

Mwalimu alikuwa ametafuta pikipiki kuukuu kwa miezi minne. Homa Bay, tajiri mmoja alimtajia bei ya mpya, kisha akamwonyesha kutu. Magunga, mzee mmoja alimtolea gurudumu moja na kibao cha namba, akaapa kwamba vilivyobaki viko kwa kaka yake. Mwishowe, Sori, nyuma ya nyumba ya marehemu Cephas mchuuzi wa samaki, aliikuta BSA ya wakati wa vita. Pistoni ilikuwa imekwama na kabureta imejaa nyasi za kiota. Aliiinamia kwa muda mrefu, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akahisi njaa. Alikuwa anataka kitu kilichoharibika ambacho mtu anaweza kukitengeneza. Lori la samaki lilikuwa njiani kuileta.

— Kwa nini hataki pesa? aliuliza Injinia.

— Anasema pesa, shemeji zake watakuja kumsaidia kuishika. Cherehani hawajui hata inashikwa wapi.

— Huyo mama ana akili, alisema Monicah kutoka kwenye jiko lake, akipuliza makaa.

— Omera, ndugu yangu, wewe hujaona mtego, alisema Redio. Mwanamume akipeleka kitu kizito kwa boma ya mjane, hiyo si biashara tena. Hiyo ni kumrithi. Saa hii Sori yote inajua Filister amepata mtu.

— Sijapeleka kitu. Anaifuata mwenyewe.

— Mbaya zaidi! Basi ni yeye anakurithi wewe!

Monicah alicheka mpaka akamwaga kahawa kidogo kwenye makaa.

— Kwetu Wakuria hiyo haina neno, alisema Injinia. Mambo ya boma kwa boma ni ng'ombe. Ng'ombe iko na miguu nne. Hiyo cherehani iko na miguu ngapi?

— Haina. Ni ya mkono.

— Basi kwetu hiyo ni zawadi tu. Uko huru, Mwalimu.

— Nyinyi mnaongea wanawake, na shida ni mashine! alisema Burma. Mimi niliendesha BSA huko Burma.

— Juzi ulisema ulikuwa mpishi.

— Mpishi wa kikosi cha pikipiki! Supu ilikuwa inafika ikiwa moto. Sasa sikiza, Mwalimu. Hiyo mashine inazoea mwenyewe. Ukiiwasha uende kanisani, itakupeleka Sori. Utaivuta hivi, itaenda hivi. Sajenti wetu alianguka mtoni, na ya kwake ikarudi kambini peke yake, ikasimama kwa foleni ya chakula.

— Ilishika sahani? aliuliza Mwalimu.

— Hiyo sikuona. Nilikuwa na kazi ya kupakua.

Redio aliweka kikombe chini. Alipotaka kuaminiwa, yeye ambaye sauti yake ilivuka barabara, alinong'ona.

— Hamjui kitu, jamaa. Mimi nilikuwa kwa tero buru ya Cephas.

Ilibidi Injinia aelezwe, kwa kuwa kwao haifanywi hivyo: mtu mzima akifa, wanaume Wajaluo hukimbiza ng'ombe kwa kelele na nyimbo hadi mpakani, kukifukuza kifo kiende zake.

— Sasa ng'ombe ilikuwa moja, na imekonda, alisema Redio. Kaka ya Cephas akasema, ndugu yetu alikuwa mtu wa kisasa, hiki kifo tukifukuze na pikipiki yake. Tukawasha. Hiyo ngurumo! Watu mia nyuma yake, wanapiga mayowe. Kufika nusu ya njia, ikazima. Mpaka wa leo haijawaka tena.

— Kwa hivyo?

— Kwa hivyo kifo hakikufika mpakani, Injinia! Kilibaki wapi? Kiko ndani ya tangi. Kinangoja mtu wa kuwasha.

Hakuna aliyekunywa. Hata Monicah aliacha kupuliza. Mwalimu alilifikiria jambo hilo kwa uangalifu uleule aliosahihishia daftari.

— Mlitia petroli? aliuliza.

— Watu walikuwa wanalia, Mwalimu! Nani angekumbuka petroli?

— Basi najua kilichomo ndani ya tangi. Hakuna kitu.

Burma alicheka akapaliwa. Redio alinuna, na mtu wa redio akinuna hutafuta stesheni nyingine.

— Sawa. Cheka. Lakini hiyo cherehani ya Pauline, ikishapanda lori, itakuuma.

Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amelitaja jina la marehemu mke wa Mwalimu kwenye benchi lile.

— Umeifungua, Mwalimu? aliuliza Monicah taratibu. Kuangalia kama kuna kitu chake ndani?

— Hapana. Hiyo kamba niliifunga siku ya mazishi.

Alitaka kuongeza neno, lakini honi ya lori ilipigwa barabarani.

Filister alishuka kwanza, mama mpana mwenye sauti ya kuamuru mizani. Nyuma yake vijana wawili wa lori waliteremsha pikipiki, na juu ya kiti kuku alikuwa amelala, kimya, kama abiria aliyelipa.

— Huyo kuku si wa mapatano, alisema Filister. Ana siku tatu, ataangua. Mkimwondoa nawarudishia cherehani.

Mwalimu alishika usukani. Alikanyaga kiki kwa mguu. Haikusogea hata kidogo, na jambo hilo lilimfurahisha, kwa kuwa alijua dawa yake: mafuta ya taa kwenye tundu la plagi, kisha subira. Mgongoni mwake alisikia kamba ya katani ikifunguliwa. Aligeuka na kurudi kukaa mahali pake kwenye benchi.

Filister aliinua kifuniko, kama mnunuzi yeyote anayejua kazi yake. Chini ya sindano palikuwa na kitambaa cha kaki kilichokunjwa. Alikikunjua mpaka kikawa shati la kiume. Mkono mmoja ulikuwa umeshonwa. Wa pili ulishikizwa kwa pini, na sindano ilikuwa ingali imezama kwenye kwapa lake.

— Mwalimu, hii ingali kazini, alisema. Niimalize, ama nikate uzi?

Redio alinyanyua tena kikombe chake. Injinia aligundua kwamba baiskeli ya mteja ilihitaji kutazamwa. Burma alikohoa. Na Mwalimu alikumbuka vizuri sana: Pauline alikuwa amempima mkono mmoja tu. Wa pili alisema atampima akirudi kutoka kliniki.

Lori lilipiga honi. Filister hakuligeukia. Aliichukua ile kamba ya katani, akainyosha kati ya vidole vyake.

— Fikiria tu, Mwalimu, usiharakishe. Lakini ukiendelea kufikiria, simama unyoshe mkono.

Mwalimu alisimama, akanyosha mkono. Burma naye, aliyekuwa hajawahi kuisikia amri kama hiyo tangu jeshini, aliruka wima bila kuaga na kunyosha wake. Redio akaenda chini na kahawa ya mwisho ya siku hiyo.

— Si wewe, alisema Filister, akiwa tayari amebana ncha ya kamba begani kwa Mwalimu.