Fundi Qandil Hakulala Siku ya Watu wa Bati

Nyote mnaisimulia vibaya habari ya siku ile, kuanzia muuza mbegu za kutafuna wa pale nje mpaka mkurugenzi mwenyewe. Mimi Zaghlul, niliyechana tiketi na kumulika tochi Sinema Nasim tangu nusu ya mji wa Mansura ikiwa mashamba, ndiye pekee ninayeijua sawasawa. Fundi Shukri Qandil anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka arobaini na mmoja ndani ya kibanda cha projekta, chumba chenye joto la kuokea mkate. Na karatasi ya sherehe mliyoniletea inamwita "Fundi Usingizi", eti utani. Utani wa nani? Nimeichana.

Usingizi! Mtu huyu mkanda ukikatika aliuunga kabla hujamaliza kupiga mluzi. Mara moja aliendesha projekta kwa mkono robo saa nzima, na hakuna aliyejua ila mimi, na mimi najua kila kitu.

Sasa sikieni. Idi ya mwaka 1979 tulileta ile filamu ya kigeni ya watu wa bati, mashine zenye umbo la mtu, wanaohudumia wageni hotelini, halafu wanawageuka na kuwanyonga. Mikanda sita, nakala moja, kumbi mbili: sisi tukimaliza mkanda, kijana wetu Bayumi anaupakia kwenye baiskeli, anavuka daraja kuupeleka sinema ya Talkha, kisha anaurudisha. Mwenye sinema wetu, Bwana Wagdi, kwa tamaa yake akachomeka onyesho la ziada mchana. Ukumbi ukajaa mpaka watu wakakaa ngazini. Mkanda wa pili ukaisha, wa tatu bado uko Talkha. Uliokuwapo ni wa tano, ambao Bayumi hakuwa ameuchukua bado.

Nilikuwa mlangoni mwa kibanda na glasi ya chai ya Fundi. Wagdi akapanda anahema.

"Weka wa tano!"

"Bwana Wagdi, wa tano watu wanakufa. Utawafufua wewe?"

"Hawa wanatafuna mbegu tu, watajua nini?"

"Washa taa, uwaambie wasubiri. Ni Idi, watasubiri."

Wagdi akamsukuma, akauweka mkanda kwa mikono yake mwenyewe, ile yenye pete.

Basi, watu wa bati wakanyonga hoteli nzima. Halafu Bayumi akafika na wa tatu, na marehemu wote wakaonekana mezani wanakunywa supu, wanahudumiwa na wauaji wao. Mtu wa mbele akapaza sauti: "Mama, usinywe hiyo! Huyo ndiye aliyekunyonga!" Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. "Sinema ya utapeli! Rudisheni pesa zetu!" Viti vikaanza kuruka.

Wagdi akapanda jukwaani, mikono juu. "Ndugu zangu, fundi alisinzia! Mlaumuni yeye!"

Na katika safu ya tatu alikuwa amekaa Nagwa, binti wa Fundi, miaka saba, na gauni jipya la Idi. Alimsikia. Akageuka kutazama juu, kwenye tundu la kibanda. Mimi nikapiga kelele: "Mwongo wewe, Wagdi! Umeuweka mwenyewe!" lakini nani angesikia katika zogo lile? Fundi akashuka na mafuta mikononi, akamshika mtoto mkono, akatoka naye katikati ya matusi. Angejibu, angefukuzwa siku ile ile.

Shuleni wakamwita Nagwa "Binti Usingizi". Hakukanyaga tena ukumbi wetu. Wagdi alikufa akiitwa haji, akazikwa kwa heshima zote, na nyinyi mpaka leo mnacheka mahali pasipofaa. Mnanikera!

Sasa Nagwa ni mama mtu mzima, na wamesema atakuja kwenye sherehe. Atapewa karatasi mlangoni kama wote. Basi atapewa hii niliyoandika mimi.

Fundi, asante kwa taa uliyotuwashia miaka yote. Nenda kapumzike nyumbani kwako, ulale mchana ukipenda, na atakayekucheka aje kwangu. Nagwa mwanangu, baba yako hakusinzia. Nilikuwepo, niliona.

Yote niliyosema ni kweli, isipokuwa moja. Sikupiga kelele. Nilikuwa na mdomo na tochi, nikavizima vyote viwili.