Mama Sogea, Fungua Geti Mara Moja Zaidi

Leo, tarehe thelathini, Mama Sogea anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuuza magari katika yadi yetu. Wasifu huu unasomwa mbele yake na mbele ya mzee wake, fundi cherehani wetu mpendwa, kwa hiyo nimejitahidi kutotia chumvi nyingi. Kabla sijaendelea, uongozi unawaomba radhi wageni wote mlioingia kwa kujibana kwenye mlango mdogo wa pembeni, hasa wale waliojaaliwa miili. Geti kubwa limefungwa kwa sababu maalumu. Vumilieni, tutafika huko.

Alianza hapa kama mpokea simu. Wauzaji wa enzi hizo walikuwa wanaume watupu, viatu vinang'aa, na kila mmoja alijua kazi moja tu: kumkalisha mteja kwenye usukani na kuisifia injini mpaka mate yamkauke. Mteja anachekelea, anaondoka, kesho anapiga simu kusema nyumbani wamekataa. Simu hizo zote zilipokewa na yeye. Baada ya kusikia "nyumbani wamekataa" mpaka masikio yakachoka, alimwendea meneja wa wakati huo akamwambia kwamba hawa ndugu zetu wanamuuzia mtu asiye na uamuzi. Mwenye uamuzi anakaa kiti cha nyuma.

Basi akapewa meza, na tangu siku hiyo hakukaa mbele tena. Mteja akija kujaribu gari, Mama huyu anaingia nyuma pamoja na mke, watoto, shangazi na yeyote aliyekuja kusindikiza, anawabananisha huku akisema, "Sogea kidogo, mwanangu, sogea, bado nafasi ipo." Ndipo jina likamganda. Kuna baba mmoja alikuwa ameshashika kalamu asaini, Mama Sogea akamwambia akamlete kwanza yule kijana wake mrefu. Kijana akaja, akaingia, magoti yakamfika kidevuni. Gari halikuuzwa. Ofisi nzima ilimwona amerukwa na akili. Wiki iliyofuata baba yule alirudi akanunua gari kubwa zaidi, na shemeji yake aliyemsindikiza akanunua la kwake palepale.

Sasa niseme juu ya kusukuma, maana wageni wengine hawajui, na bila kujua hilo hamtaelewa chochote kuhusu siku ya leo. Gari lake la kwanza alimuuzia muuguzi mmoja mtu mzima. Karatasi zimeisha, mikono imepeanwa, muuguzi anawasha gari: kimya. Tangi kavu! Kumbe hakuna aliyekumbuka kutia mafuta. Kituo kiko ng'ambo ya barabara, basi Mama Sogea akaita watu wote, wahasibu, mafundi, mpishi wa chai, wakalisukuma gari hadi nje, yeye mwenyewe akitangulia kufungua geti. Muuguzi alidhani ni heshima ya yadi. Alipiga vigelegele, akatoa machozi, akaenda kusimulia hospitali nzima. Mteja aliyefuata, tangi limejaa pomoni, akakataa kuondoka, anauliza mbona la kwake halisukumwi.

Tukasukuma. Tumesukuma tangu hapo. Kila gari lililouzwa katika yadi hii limetoka getini kwa mikono yetu, injini imezimwa, mteja akipunga mkono mithili ya bibi harusi, na aliyeuza ndiye hufungua geti. Mama Sogea amelifungua mara nyingi kuliko mlinzi. Siku za mvua tumesukuma kwa miavuli. Mhasibu wetu, ambaye nyumbani kwake hata ndoo ya maji hanyanyui, hapa ni msukumaji mkubwa.

Mwanzoni mwa mwaka huu yadi ikaingia mkataba na watengenezaji wa ile SUV mpya ya umeme. Jamani, lile gari! Tulipoliona siku ya kwanza hatukutamani hata kurudi mezani. Lakini asubuhi ileile meneja alitueleza utaratibu. Gari hili haliuzwi na sisi. Mtu anakuja, analiona, anarudi zake nyumbani, ananunua mwenyewe kwa simu moja kwa moja kutoka kwa watengenezaji. Bei ni moja kwa kila mtu, hakuna kupatana. Lori linalitoa ghalani linampelekea mlangoni. Sisi kazi yetu ni kujibu tukiulizwa, na kumshawishi mteja ni marufuku. Tukapewa beji mpya: Mhudumu wa Maelezo.

Mama Sogea alinyoosha mkono akauliza swali moja tu: na geti atafungua nani? Meneja akasema kwa upole, Mama, hapo hakuna geti. Mama Sogea akaitikia, akakaa, akaanza kuifuta meza ambayo ilikuwa safi. Iliniuma mno kumtazama.

Magari ya mafuta yaliyobaki yaliisha moja baada ya jingine, na la mwisho likatoka wiki ambayo yeye alikuwa likizo kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi na picha za mjukuu, akakuta yadi ina gari moja tu la maonyesho. Jioni tukifunga madirisha aliniambia hana ugomvi na simu, hata mjukuu wake amemwona kwanza kwenye simu. Ila alitamani kulifungua lile geti mara moja zaidi kwa gari aliloliuza yeye, halafu aende zake. Hakusema tena. Lakini mimi niliyekaa naye meza ya pili miaka yote hii, nilijua kila asubuhi akipita pale getini macho yake yanakwenda wapi.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya wapenzi wa magari ya umeme. Hawa ni watu walio na kundi lao kwenye simu, wanabishana usiku na mchana kuhusu magari ya umeme, na kati yao wote hakuna hata mmoja aliyekuwa nalo. Mapenzi yao yote yalikuwa ya video. Walikuja wakiongozwa na Mwalimu wa hesabu, pamoja na Daktari wa meno na Fundi umeme, na kila mmoja alikuja na hoja zake zimeiva.

Kwanza ukubwa. Fundi umeme alilizunguka mara tatu akatangaza kwamba hiyo ni nyumba, kilichopungua ni choo tu. Daktari wa meno akambishia kwamba kwenye picha linaonekana kubwa, lakini yeye ana watoto sita na wote wana viwiko. Mwalimu hakuwa na muda wa maneno matupu. Alikuwa na tatizo la geti la nyumbani kwake, alilolijenga mwenyewe kwa kipimo cha gari lake dogo la zamani, ambalo alinunua wapi? Hapahapa, kwa Mama Sogea. Akaazima futi ya kitambaa, ile ya mzee wa cherehani ambayo Mama Sogea hutembea nayo kwenye mkoba, akapima upana pamoja na vioo vya pembeni, uso ukamshuka. Halipiti! Katika kuhangaika akabofya kitufe cha kufunga milango, vioo vyote viwili vikajikunja vyenyewe. Mwalimu akaruka nyuma mikono juu, anaapa hakugusa kitu, yuko tayari kulipia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Alipopima tena vioo vikiwa vimekunjwa, akapata nafasi ya kupita na ngumi moja ya ziada, akaanza kushikana mikono na watu kana kwamba amefunga goli.

Likaja suala la kununua bila muuzaji. Fundi umeme alifurahi waziwazi: hakuna dalali, hakuna "ngoja nimuulize bosi", mwenye tai na mwenye kandambili wanalipa sawa. Daktari alikuwa na wasiwasi wake. Gari likimsumbua, atamfokea nani? Simu huwezi kuikazia macho. Wakabishana weee, mpaka mmoja akasema sasa utamaduni wa kusukumwa nao ndiyo basi tena. Hapo Mwalimu, ambaye alikuwa hajanyamaza tangu asubuhi, akageuka kulitazama geti letu.

Mama Sogea muda wote hakushawishi mtu. Beji kifuani, midomo imefungwa, sheria ni sheria. Alichofanya ni kufungua mlango wa nyuma na kusema karibuni. Mwalimu alikuwa amekuja na mama mkwe wake, bibi mmoja mpole aliyeletwa kwa kisingizio cha kupunga upepo. Bibi akaingia. Kisha Mwalimu naye akasogezwa kiti hichohicho, na Mama Sogea akaketi kwa upande wa pili, bibi akiwa katikati. Hebu fikirini: mtu na mama mkwe wake, kiti kimoja! Mwalimu akajikunyata kwenye mlango ili hata shati lisimguse, jasho linamtoka. Na nafasi ikabaki! Katikati yao pangeweza kukaa mkoba, mkoba wenyewe ukae kwa raha. Daktari wa meno, aliyekuwa kiti cha mbele akigeuka kuchungulia, alipaza sauti kwamba hili ndilo gari la kwanza alilowahi kuliona lenye nafasi ya heshima. Hoja ya ukubwa ikafungwa hapohapo.

Nikawaendesha kidogo. Kwa kuwa gari halina mlio, bibi aliuliza mara mbili kama tumeshaondoka. Mama Sogea akamwonyesha dirishani miti ikipita. Tuliporudi yadini bibi alikuwa amelala fofofo, kichwa kwenye bega la Mama Sogea, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Tulikaa humo, watu wazima wanne, tukimtazama anavyokoroma. Mwalimu akanong'ona kwamba nyumbani wamekubali.

Wageni wapendwa, sasa nafika pale ambapo kwa wiki tatu nimejiuma ulimi. Mwalimu alinipigia simu. Alikuwa ananunua lile gari kwa simu yake, amebofya rangi, amebofya viti, akafika mahali anapoulizwa gari lipelekwe wapi. Akaniuliza kama kuna sheria inayosema lazima liende nyumbani kwake. Nilikimbia kwa meneja hata viatu sikuvaa vizuri. Meneja akauliza kwa watengenezaji, wakamjibu kwamba mteja anachagua mwenyewe popote panapofika lori. Meneja akacheka peke yake kwa muda mrefu, akalegeza tai. Mwalimu akaandika mahali pa kulipeleka: yadi yetu.

Lori lilifika juzi, wakati Mama Sogea ametumwa kwenda kupiga picha ya ukumbusho ambayo hatukuihitaji. Gari tukalifunika turubai nyuma ya karakana. Amepita pale mara kadhaa. Jana aliuliza ni nini kile, tukamwambia ni viti vya sherehe. Akasema viti vya siku hizi ni vikubwa kweli, akaenda zake! Mtu aliyepima magari maisha yake yote!

Jana hiyohiyo, alipokwisha kwenda nyumbani, tukafanya mazoezi. Tukasukuma: wapi! Mafundi, meneja, Mhasibu mbele kabisa akigumia, gari limekaa palepale. Betri ya kitu kile si mchezo, lakini kosa lilikuwa letu. Gari lile hujifunga breki lenyewe, na hakuna aliyekuwa ndani wa kulifungua. Tulipogundua, suruali ya Mhasibu ilikuwa imeshachanika nyuma kutoka juu mpaka chini. Mzee wa cherehani aliishona usiku bila kumwambia mkewe ni ya nani wala imepatwa na nini. Mzee, tunakushukuru kwa uzi na kwa siri.

Limebaki jambo moja. Desturi yetu ni kwamba aliyeuza ndiye anayefungua geti, na gari hili, kwa utaratibu mpya, halikuuzwa na mtu yeyote. Sikutaka tudanganyane, nikamuuliza Mwalimu mwenyewe, mbele ya meneja: gari hili umeuziwa na nani? Hakufikiri. Alisema mama mkwe wake aliuziwa na Mama Sogea, na yeye aliuziwa na mama mkwe.

Mama Sogea, geuka nyuma. Turubai linaondolewa sasa hivi. Yule bibi ameshakaa kiti cha nyuma, na Mwalimu yuko kwenye usukani, breki imefunguliwa safari hii. Mlinzi wetu amekataa katakata kumfungulia mtu geti tangu alfajiri, ndiyo maana hata mwenyekiti wa bodi amepita ubavuubavu. Ufunguo uko kwenye mfuko wa koti la mzee wako, mfuko wa kushoto. Usilie kwanza, hutaliona tundu la kufuli.

Asante, Mama. Asante kwa kutufundisha kumwona aliyekaa nyuma. Tunakutakia afya, usingizi usio na saa ya kuamkia, mjukuu wa kubeba mpaka mikono ichoke, na siku nyingi za kupumzika na mzee wako. Wageni, wekeni vijitabu vya ratiba chini, kunjeni mikono ya mashati, njooni tusukume. Mama, fungua geti. Na gari likigoma, simama hapo mbele utuambie neno lako.