Fomu ya Askari Niliyemkimbia

Bwana ametenda jambo, ndugu zangu, nami nimesimama kulieleza kwa utaratibu wake, nisiongeze neno wala kupunguza.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa. Nilipangiwa kazi hapa kijijini Endasak nikitokea Kagera, na kwa miaka kumi na moja nimefundisha somo la Uraia. Sheria niliifahamu, niliiandika ubaoni kila muhula. Leseni nilikuwa nayo, na bima ya pikipiki ilikuwa hai. Asubuhi ile ya Jumamosi nilikuwa na kosa moja tu: nilipakia mshikaki, yaani abiria wawili kwa pamoja. Mke wangu alikaa nyuma yangu, na nyuma yake Bibi Paulina, jirani yetu mjane, miguu yote upande mmoja kama wanavyokaa bibi zetu. Tulikuwa tunakwenda kijiji cha Dirma kwenye ibada ya shukrani.

Askari akaingia barabarani, akainua mkono. Ndugu zangu, sikuogopa faini; niliogopa aibu. Mzee wa kanisa, mwalimu wa Uraia, asimamishwe mbele ya wanafunzi wake wanaokwenda gulioni! Nikakata kona kwenye njia ya ng'ombe, nikaongeza mwendo.

"Baba Elia, simama! Utatuua!" mke wangu akalia.

Sikusimama. Penye korongo pikipiki iliruka, na nilipogeuka Bibi Paulina hakuwapo.

Tulimkuta kwenye shamba la mahindi, ameketi, anafunga kilemba chake upya. "Ni mkono tu, mwanangu," alisema. Tukamfikisha zahanati. Tabibu akauliza ameumiaje, maana majeruhi wa barabarani hutakiwa kuwa na fomu ya polisi. Kabla sijafungua kinywa, Bibi akajibu: "Ng'ombe wangu amenisukuma. Ana jeuri yule!" Kisha akanitazama na kunikonyeza.

Mama huyu, ambaye sikuwahi kumsikia akipindisha hata ukweli mdogo, alijitwika uongo ili mimi nibaki na ajira yangu! Tabibu alikwisha kuanza kufunga bandeji. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema au kuimeza. Sijui nguvu ilitoka wapi. Najua tu kwamba haikuwa yangu.

"Daktari, si ng'ombe. Ni mimi. Nilikuwa namkimbia askari kwa pikipiki, akarushwa."

"Mwalimu nawe!" Bibi akanung'unika. "Si nilishakumalizia jambo hili?"

Tabibu akaiacha bandeji. Alimbonyeza tumbo upande wa kushoto, kisha akaagiza gari la wagonjwa lije mara moja. Mke wangu akapanda pamoja na Bibi kwenda hospitali ya wilaya. Mimi nikaenda kituo cha polisi kuomba fomu, na aliyekuwa mezani ni askari yule yule.

"Karibu, Mwalimu," alisema. "Ungesimama, ningemshusha mmoja, ningekuandikia faini, tukaagana. Sasa tazama." Akaandika huku akisoma kwa sauti: kuzidisha abiria, kukaidi amri ya askari, kuendesha kwa hatari, kujeruhi. Kalamu ikasimama. "Hili la mwisho, bibi akifariki, nitaliandika upya. Hapo tutazungumza habari za gereza."

Ndugu zangu, nilipiga magoti kwenye sakafu ya kituo, na askari hakunizuia!

Hospitalini walikuta bandama imepasuka na damu inavujia tumboni. Daktari aliyempasua aliniambia kwamba kama angerudishwa nyumbani na ile bandeji ya mkono, asingeiona Jumapili. Fikirini! Neno nililoliogopa kwa sababu lingeniangamiza ndilo Mungu alilolitumia kumwokoa mama huyu, na mimi nisiwe muuaji.

Namshukuru Mungu aliyenishika nikiwa mbioni. Nawe uliye na jambo unalolikimbia leo, simama. Mtumaini Yeye kwa hatua hiyo moja ya kusimama. Katika zinazofuata atakuwa nawe.

Bibi Paulina alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani mzima. Mimi nilikiri makosa yote manne mahakamani. Nilitozwa faini, leseni yangu ikasitishwa kwa mwaka mmoja, na mwajiri akanipa onyo la maandishi. Shuleni nakwenda kwa miguu.