Safari ya Hatakeyama Yoshizo Hadi Hirakura

Mtawa wetu mheshimiwa, majirani wa bonde zima, wastaafu wa reli ambao naona mmekaa pamoja safu ya nyuma kama mlivyozoea, na nyote mliofika hapa licha ya theluji hii ya kwanza, familia inawapokea. Mimi ni Kunio, mdogo wake marehemu, mkulima wa matofaa. Nimepewa kazi ya kusoma habari za kaka yangu kwa sababu binti yake, Chizuru, amesema akisoma yeye hatamaliza hata mstari wa pili. Mimi nitajitahidi.

Marehemu Hatakeyama Yoshizo alizaliwa tarehe 6 Machi 1938 katika kijiji cha Tsukimori, mkoa wa Akita, mtoto wa kwanza wa mzee Torakichi na mama Mitsu, katika nyumba iliyokuwa karibu na reli kiasi kwamba treni ya asubuhi ilipopita vikombe vilitikisika kabatini. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa kimya, akakaa kimya, hadi treni ilipopiga honi ndipo naye akalia, nami sijui kama ni kweli, maana mama yetu naye alikuwa hodari wa kutia chumvi.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hapo hapo Tsukimori, akamaliza mwezi wa Machi 1953, na walimu wake hawakumlalamikia ila kwa jambo moja, kwamba alikaa dirishani akitazama treni. Nakumbuka tukiwa tunakula, alimwuliza baba kwa nini reli imepinda pale Nukasawa wakati ardhi ni tambarare na hakuna mlima wala mto, na baba akamjibu, "Imepinda kwa sababu imepinda. Kula." Alikula, lakini swali hakulisahau.

Aprili mwaka huo huo aliajiriwa na reli, akaanza kwa kuosha garimoshi, akapanda akawa mtia makaa, na tarehe 1 Oktoba 1962 akapata cheti cha udereva na kukabidhiwa njia yetu, ile ya kutoka Tsukimori hadi Hirakura, njia aliyoiendesha kwa makaa, kisha kwa dizeli, chini ya reli ya taifa na baadaye chini ya kampuni ndogo ya bonde iliyoirithi, na hakuwahi kuomba uhamisho. Kila alipopumzika kituoni alikwenda kukaa na wazee wa hapo, akila figili zao zilizokaushwa kwa moshi na kuwauliza habari za zamani, na hivyo ndivyo alivyokuja kujua kwamba reli ilichimbiwa njia kwa ajili ya magogo ya mierezi na shaba ya mgodini, kwamba ilikusudiwa kuvuka mlima ifike baharini lakini fedha zikaisha Hirakura, ndiyo maana pale mwisho reli zilikuwa zimeelekea mlimani kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, na kwamba pale Nukasawa ilipinda kwa sababu mwenye shamba alikataa kaburi la mama yake lihamishwe, na wajenzi wakaona afadhali wazunguke. Siku alipoipata habari hiyo alikuja mbio hadi shambani kwangu kunieleza, baba akiwa ameshafariki miaka mingi, akaniambia, "Kunio, haikupinda kwa sababu imepinda."

Wenzake hapa wanaijua desturi ya kazi yao, kwamba kila taa ya ishara njiani dereva huinyooshea kidole chenye glovu nyeupe na kuitaja kwa sauti, hata akiwa peke yake na hakuna wa kumsikia, ili macho, mkono na mdomo vikubaliane. Kaka yangu aliipeleka desturi hiyo nyumbani. Hakutoka mlangoni bila kunyoosha kidole na kusema, "Jiko, limezimwa! Dirisha, limefungwa!" na mimi nikimtembelea alininyooshea kidole, "Kunio, hajanyoa!"

Tarehe 28 Novemba 1965 alifunga ndoa na Narita Tomie, binti wa mkuu wa kituo cha Hirakura, aliyezaliwa na kukulia katika nyumba iliyopakana na jukwaa la abiria. Shemeji yangu alikuwa ndiye anayefagia theluji jukwaani, na garimoshi likisubiri maji alimletea dereva chai, na dereva huyo, ambaye kwa taa alikuwa na sauti ya kutikisa handaki, mbele ya msichana huyo alikuwa bubu. Bwana Sugawara, kondakta wake, yule pale anacheka, ndiye shahidi kwamba siku moja Tomie alichoka akamwambia, "Taa zote za bonde hili umeshaziita. Mimi utaniita lini?" Kaka yangu akavaa glovu, akamnyooshea kidole, akapaza sauti, "Tomie, yupo!" Sugawara aliisambaza habari hiyo vituo vyote kabla treni haijafika Tsukimori.

Mungu na mababu waliwajalia mtoto mmoja, Chizuru, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1968, ambaye amekuwa muuguzi mjini Sendai, na tangu mwaka jana amerudi kukaa na wazazi wake.

Alipotimiza umri wa kustaafu kampuni ilimwomba aendelee, kwa kuwa vijana walikuwa wameondoka, na abiria nao walikuwa wakipungua, na maneno ya kuifunga njia yalikuwa yameanza. Ndipo mwezi wa Mei 2003 alipoomba ruhusa ya kubandika kamera ndogo kwenye kioo cha mbele, ili ichukue njia nzima kama dereva anavyoiona, huku yeye akiita taa zake na kati ya taa na taa akieleza hapa palijengwa lini na pale palikuwa na nini. Kanda ile ilikuwa ya saa moja, na njia inazidi saa moja kidogo, naye alikuwa amepanga kuibadilisha pale kituo cha Kazahari, ambapo hungoja kupishana na treni inayotoka juu, lakini siku hiyo treni ya juu iliwahi, taa ikawa kijani, na kaka yangu akapita. Aliiona taa nyekundu ya kamera ikimetameta kuonyesha kwamba kanda inakwisha. Hakuigusa, kwa sababu treni ikiwa mwendoni dereva hagusi kitu ambacho si cha treni, wala hakuongeza dakika moja katika kituo kilichofuata, kwa sababu dakika hiyo ni ya abiria. Picha ikakatika mbele ya handaki la mwisho, Hirakura ikiwa upande wa pili.

Sugawara alimwambia, "Bwana wee, dakika moja tu! Nani angelalamika, mbuzi?" Naye akajibu kwamba atarudia Oktoba, majani yakiwa mekundu, ndipo bonde linapopendeza. Septemba kimbunga kikaja, mto ukabeba daraja la pili pamoja na kipande cha ukingo, na reli haikutengenezwa tena, na miaka mitatu baadaye ikang'olewa.

Nawaambieni ukweli, sijamwona kaka yangu akilia ila siku walipopakia yale mataruma ya reli kwenye lori, na hata siku hiyo alisingizia vumbi.

Baada ya hapo aliionyesha kanda ile kila majira ya baridi katika ukumbi wa kijiji, tukiwa na matonge ya wali na pombe ya mchele, na kila mtu alikuja kutafuta chake, mmoja anapiga kelele, "Zile ni nguo zangu kwenye kamba!" mwingine, "Tazameni, paa langu kabla halijavuja!" Bibi Kiyo wa Nukasawa alimwona marehemu mumewe amesimama pale barabara inapokatiza reli, amebeba jembe begani, anangoja treni ipite. Bibi akasema, "Bwana Hatakeyama, nirudishie nyuma kidogo." Kaka yangu akamjibu kwa upole, "Mama, treni yangu haijawahi kurudi nyuma." Kisha akairudisha, na akaendelea kuirudisha mpaka bibi mwenyewe aliposema, "Basi, mwache aende shambani."

Sasa nafika mahali pagumu, na shemeji yangu amekaa hapa mbele, nami namheshimu, lakini hakuna hapa asiyejua. Kuanzia mwaka 2014 Tomie alianza kusahau, kwanza majina, kisha miaka, na jioni alivaa koti, akafunga skafu, akasimama mlangoni akisema baba yake anamsubiri Hirakura. Mwanzoni kaka yangu alimweleza kwamba mzee alishafariki na reli haipo, naye kila mara aliipokea habari hiyo kama mpya na kulia upya. Siku moja kaka yangu akachoka kumliza. Akavaa kofia yake, akavaa glovu, akamwambia, "Abiria, pandeni, tunaondoka," akamkalisha juu ya mto mbele ya televisheni, akaiweka kanda. Tomie akasafiri bonde zima akitazama. Picha ilipokatika mbele ya handaki na kioo kikawa buluu, kaka yangu aliendelea mwenyewe kwa kichwa, amesimama sebuleni amenyoosha mkono, akaita handaki, akaita daraja dogo, akaita taa ya kuingilia, akafunga breki kwa mlio wa mdomo, akasema, "Hirakura, Hirakura, mwisho wa njia." Tomie akavua koti, akasema, "Nimefika," akala chakula chake. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka mitano, na hakuna jioni ambayo kaka yangu hakumfikisha.

Mwezi wa Agosti mwaka huu wa 2019 alianza kuumwa tumbo, akapelekwa hospitali, ikaonekana ni saratani iliyokwisha kuenea, akalazwa tarehe 9 Oktoba. Jioni ya kwanza Chizuru aliweka kanda, na kioo kilipokuwa buluu mama yake alibaki amekaa na koti lake, hataki kula wala kulala, akisema, "Treni imekwama." Niliitwa mimi. Nilivaa kofia, nikanyoosha mkono, nikaita daraja kabla ya handaki, na shemeji akanitazama toka juu hadi chini, akasema, "Wewe si dereva. Wewe ni yule wa matofaa." Akaitwa Bwana Sugawara, akaita kila kitu kwa mpangilio, akaambiwa, "Tangu lini kondakta akaendesha?" Tukaenda hospitali na simu, tukamwomba kaka aite kipande kile tukirekodi. Alijaribu, pumzi haikutosha, akatabasamu, akasema, "Nikilala chali sioni mbele." Kisha akasema jambo ambalo nililidhani ni la homa, "Mwacheni. Ile njia anaijua. Kwao ni pale." Lakini kila jioni, Tomie aliendelea kukaa gizani mbele ya handaki, na kaka yangu kitandani alikuwa akiniuliza kitu kimoja tu, "Amefika?" nami sikuwa na la kumjibu.

Alifariki tarehe 11 Novemba 2019 asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja, Chizuru akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani walioleta kuni, supu na figili bila kuombwa, watu wa ukumbi wa kijiji, mtawa wetu kwa sala zake, na ninyi wenzake wa reli, mlioitoa nembo ya chuma kwenye kofia yake na kuishona upya kwa uzi wa dhahabu, ili aruhusiwe kuingia nayo kwenye tanuri la kuchomea maiti, ambako chuma hakikubaliwi.

Hapa kwenye karatasi, juzi, nilikuwa nimeandika ombi. Nilitaka kuwaomba ninyi madereva wastaafu mje nyumbani kwa zamu, kila jioni mmoja, labda mmoja wenu shemeji angemkubali. Nimelikata kwa kalamu leo, na nitawaeleza kwa nini.

Asubuhi hii kaka yangu alikuwa amelala sebuleni ndani ya jeneza, likiwa bado wazi, na Chizuru akaweka kanda, akisema baba asafiri mara ya mwisho. Tomie alikaa kwenye mto wake na koti lake. Tulisikia sauti ya kaka ikiita taa zote, kituo hadi kituo, kisha kioo kikawa buluu, nami nikainamisha kichwa kwa kuwa nilijua kinachofuata. Nikasikia mtu ananyanyuka. Shemeji alikwenda kwenye sinia tulipoviweka vitu vya kumvalisha marehemu, akachukua glovu moja, ya kulia, akaivaa, akasimama kando ya jeneza akitazama mbele, akanyoosha mkono. Akaita handaki. Akangoja, kwa sababu handaki lile ni refu. Akaita daraja dogo. Akaita, kwa sauti ya msichana wa jukwaani, "Taa ya kuingilia, kijani!" Akafunga breki kwa mdomo kama mumewe. Kisha akamwinamia kaka yangu, akamrekebisha kola, akamwambia, "Hirakura. Yoshizo, tumefika. Shuka, baba ameshachemsha chai."

Akavua koti, akaomba chakula.

Glovu ya kushoto tumemvalisha kaka. Ya kulia mnaona ilipo, shemeji amekataa kuivua, nasi tumemwachia. Gari la jeneza likipiga honi ya kuondoka, na shemeji akinyoosha mkono, naomba ninyi wa safu ya nyuma mnyooshe naye.

Kaka, kule hospitali uliniuliza nami nikanyamaza. Amefika. Nawe pumzika sasa kwa amani.