Bibi Ngazi, Aliyesikiliza Kabla ya Kuziba

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama unafua, kaa kidogo upumzishe mgongo. Kama unapika, punguza moto. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mliuona mgongo wake mara nyingi kuliko uso wake, maana kila alipokuja kwenu alikuwa juu ya ngazi, na kichwa kimeshaingia darini.

Tulimwita Bibi Ngazi. Alifariki siku ya Jumanne, wiki tatu zilizopita, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na nane. Narudia kwa mliowasha redio sasa hivi: Bibi Ngazi ametutoka, akiwa na miaka sitini na nane. Ameacha binti mmoja, na mdogo wake wa kiume.

Kazi yake mnaijua. Mnyama akiingia nyumbani kwako akakukosesha raha, yeye alikuja kumtoa. Alimtoa akiwa hai. Popo darini, kindi kwenye nyaya za umeme, nyuki ukutani, kenge aliyejibanza nyuma ya tangi la maji. Hakuweka sumu, hakushika rungu. Aliwaonyesha njia ya kutoka, kisha akaziba njia ya kurudi. Ndivyo alivyofanya kwa miaka thelathini na moja.

Hapa kituoni alifika mara moja. Wasikilizaji wa zamani mtakumbuka ule mwaka ambao taarifa ya habari ilikuwa ikisomwa huku kitu kinakimbia juu ya kichwa cha msomaji. Mlipiga simu mkauliza kama tumeajiri panya. Hawakuwa panya. Walikuwa kindi wawili. Bibi Ngazi alikuja na ngazi yake begani, akatutazama, akasema anahitaji robo saa ya kimya ili asikilize.

Meneja wetu akamwambia, "Bibi, hii ni redio. Redio hainyamazi."

Akajibu, "Sawa. Ongeeni tu. Na kindi nao wataongea."

Tukaweka wimbo mrefu kuliko zote tulizokuwa nazo, tukafunga spika za studio, tukanyamaza. Akaweka sikio kwenye ubao wa dari, macho amefumba. Wimbo ulipoisha, alijua wanaingilia wapi, wanalala wapi, na kwamba hawana watoto. Siku ya nne kindi walikuwa wamehamia kwenye miti ya nyuma, na sisi tukabaki na kikohozi cha meneja tu.

Hakuanza na wanyama. Baba yake alikuwa fundi wa paa, na yeye alijifunza kutembea juu ya bati akiwa msichana. Alipofiwa na mume, binti yake akiwa mdogo, alirudi kwenye kazi ile ile. Akibandua bati, chini yake anakuta viumbe. Wenye nyumba wanapiga kelele kutoka chini, "Ua, ua." Yeye hakuweza. Akaanza kuwatoa bure, kama nyongeza ya kazi ya paa. Baadaye watu wakawa wanamwita kwa ile nyongeza.

Mdogo wake ni seremala. Ndiye aliyemtengenezea visanduku vya kunasia, vile vyenye mlango unaojifunga mnyama akikanyaga ubao. Nilimtembelea karakanani kwake wiki iliyopita. Aliniambia hivi: "Dada alikuwa msumbufu sana. Kisanduku nikikiacha na msumari umetokeza ndani, anakirudisha. Namwambia, dada, ni mnyama huyo, hakai humo mwaka mzima. Ananiambia, ingia wewe kwanza."

Akacheka. Kisha akanisimulia lile jambo.

Wasikilizaji wapendwa, lile jambo wengi mnalijua, kwa sababu Bibi Ngazi mwenyewe alimsimulia kila mteja. Lakini leo wapo wasiolijua, kwa hiyo nalisema polepole.

Ulikuwa mwaka wake wa pili wa kazi. Mwoka mikate mmoja alimwita. Darini kwake kulikuwa na kanu, yule mnyama mwembamba kama paka, mwenye madoadoa na mkia wa miviringo. Bibi Ngazi na mdogo wake waliweka kisanduku, na asubuhi kanu akawa ndani. Jike. Walimpeleka mbali, ng'ambo ya mto, wakamwachia. Wakarudi, wakaziba tundu vizuri kwa bati na misumari. Mwoka mikate akawapa mkono.

Siku ya tatu akawaita tena. Kuna kitu kinalia darini, akasema. Jana kilikuwa kinalia sana, leo kinalia kidogo.

Walipobandua bati walikuta watoto watatu. Wawili walikuwa wameshakufa. Wa tatu alikufa mikononi mwa Bibi Ngazi kabla hajashuka ngazi.

Mdogo wake aliniambia, "Tulimwona yule mama. Manyoya ya tumbo lake yalikuwa yamelowa na kushikamana. Mimi nikasema ni umande. Dada akasema, ndiyo, ni umande. Kumbe ni maziwa. Tulikuwa na haraka, mzee mwenzangu. Kulikuwa na kazi nyingine inatungoja."

Tangu siku hiyo, Bibi Ngazi hakupanda dari ya mtu bila kwanza kumwambia mwenye nyumba, "Kabla sijapanda, nikwambie kosa langu." Anasimulia habari ya kanu na watoto watatu, yote, bila kujitetea. Kisha anasema, "Ndiyo maana mimi siharakishwi. Kama una haraka, tafuta mwingine." Wapo waliotafuta mwingine. Wengi walibaki.

Sasa niwapeleke kwenye kazi yake ya mwisho. Hii nimesimuliwa na binti yake, na mwenye nyumba naye amenithibitishia.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Juu ya chumba cha nyuma alikuwa na popo, popo wengi, na chumba hicho ndicho alichokuwa amekipaka rangi mpya kwa ajili ya binti yake, aliyekuwa anakuja na mtoto mchanga. Bibi Ngazi alifika, akasimulia kosa lake, akasikiliza. Akashuka, akasema popo hao wamezaa. Watoto hawajaweza kuruka. Mama zao hutoka jioni kutafuta chakula na kuwaacha darini. Ukiziba sasa, unawafungia watoto ndani. Ngoja wiki tatu hivi.

Mwalimu akangoja wiki moja. Ya pili akaanza kuhesabu. Na katika wiki hiyo ya pili, Bibi Ngazi akalazwa hospitali kwa ugonjwa wa moyo, akarudishwa nyumbani, akaambiwa asinyanyuke kitandani. Mwalimu akapiga simu. Mjukuu anafika Jumapili, akasema. Nimeshamwita mtu wa dawa, anakuja Jumamosi asubuhi kupulizia. Samahani, Bibi, lakini siwezi kumlaza mtoto wa siku tisa chini ya popo.

Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Binti yake Bibi Ngazi anauza katika duka la dawa za binadamu. Kwa miaka sita, siku zake za mapumziko, alikuwa akienda na mama yake kushika ngazi chini. Kushika tu. Hakuwahi kupita kipago cha tatu cha ngazi, kwa sababu anaogopa kimo. Ijumaa hiyo, saa kumi na moja jioni, mama yake alimtuma peke yake.

"Nikamwambia mama, mimi nitasikia nini?" binti alinieleza. "Akaniambia, wewe nipelekee simu tu hadi darini. Masikio ninayo."

Giza lilipoanza kuingia kwa mwalimu, popo wakubwa wakatoka, kama moshi unaokatikakatika. Alipoona hawatoki tena, binti akavaa glavu, akaweka simu kwenye spika, akaanza kupanda. Mwalimu na mkewe walishika ngazi. Kwenye kipago cha tano akasimama, akamwita mama yake.

"Usitazame chini, mwanangu," sauti ya mama yake ikasema kwenye simu. "Chini hakuna kazi."

Alipofika juu akafungua kifuniko cha dari kilichokuwa nje, chini ya paa, akaingiza mkono wenye simu. Kimya. Halafu vikaanza vilio vidogo, vyembamba, kama mtu anayesugua kioo kikavu kwa kidole. Vingi. Kila mtu alivisikia, hata mwalimu kule chini.

Bibi Ngazi akasikiliza kwa muda mrefu, hata binti akadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Bado. Siku kumi. Mwalimu yupo hapo?"

"Nipo, Bibi."

"Kosa langu nilikusimulia?"

"Ulinisimulia."

"Basi. Ukiweka dawa kesho, watakufa juu ya kitanda cha mjukuu wako. Na safari hii mimi sitakuwepo kuja kuwatoa."

Mwalimu aliniambia kwamba aliielewa sentensi ile yote, mwanzo wake na mwisho wake. Akauliza, "Sasa mwanangu atalala wapi?"

"Chumbani kwako na mama yake. Wewe lala sebuleni."

Mke wa mwalimu akadakia, "Heri alale darini. Akikoroma usiku mmoja tu, popo watahama wenyewe."

Binti anasema mama yake alicheka kwenye simu hadi akakohoa. Mtu wa dawa akapigiwa simu asije.

Kabla ya kulala, Bibi Ngazi alimwambia binti yake, "Siku kumi ni makisio yangu. Wewe usifuate siku. Fuata sikio lako." Jumanne alfajiri akafariki.

Wasikilizaji wapendwa, siku ya kumi iliangukia Jumatatu. Zilikuwa zimepita siku nne tu tangu mama azikwe. Jamaa walikuwa bado wanaingia na kutoka, viti vya kuazima bado vimo uani. Mjomba wake, yule seremala, alimwambia, "Acha, nitakwenda mimi wiki ijayo." Binti akakataa. Akabeba ngazi begani, akaenda kwa mwalimu jioni ile, na safari hii hapakuwa na wa kumpigia simu.

Popo wakatoka, wakubwa kwa wadogo, wengi kuliko mara ya kwanza. Akapanda. Akaweka sikio kwenye ubao.

"Nikasikia kilio kimoja," alinieleza. "Kimoja tu, kule pembeni. Nilikuwa nimechoka, sijalala tangu msiba. Mwalimu alikuwa chini ananitazama, mgongo umepinda kwa kulala kwenye kochi la sebuleni, mjukuu analia ndani. Nikajiambia, nikisema wameisha, naweka wavu sasa hivi, naenda nyumbani. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Aliyekuwa anajua kusikiliza amekufa."

Nilimuuliza alikaa pale juu kwa muda gani. Akasema hajui. Mwalimu anajua: anasema ilikuwa dakika saba, alitazama saa.

Kisha binti akasema, "Mwalimu, amebaki mmoja."

"Mmoja?"

"Mmoja. Hajaweza kuruka."

Mwalimu akatazama kochi lake kupitia dirisha. Akasema, "Haya. Shuka ule, mwanangu. Utakuja kesho."

Alikuja kesho yake. Kilio bado kipo. Akaja Jumatano. Siku hiyo popo wote walipotoka aliweka sikio pembeni, akaweka katikati, akahamisha ngazi mara tatu. Kimya. Akatundika wavu mwepesi juu ya tundu, ule ambao anayetoka anausukuma, na anayerudi haoni pa kupita. Akauacha siku nne. Jumapili akasikiliza tena, kukawa kimya, ndipo akaziba. Popo wamehamia kwenye jengo bovu la reli, kule ambako hakuna anayelala. Mjukuu wa mwalimu sasa analala kwenye chumba chenye rangi mpya, na mwalimu amerudi kitandani kwake. Mkewe ananiomba niseme hewani kwamba hilo la mwisho halikuwa ombi lake.

Juzi nilimuuliza binti kama ataacha duka aendelee na kazi ya mama. Akaniambia, "Bado sijui. Naogopa kimo mpaka leo. Ila simu ya mama inaita, na mimi ndiye ninayeipokea."

Kwako binti, na kwako mjomba seremala, na kwa jamaa wote wa Bibi Ngazi, sisi wa kituo hiki tunawapa pole kutoka moyoni. Mmeondokewa na mtu aliyefanya kazi yake mahali ambapo mwenye nyumba hachungulii, na akaifanya kama anayetazamwa. Mungu ampe pumziko jema. Na nyinyi awape nguvu.

Nanyi wasikilizaji, kila mmoja wetu wiki hii atafunga kitu: mlango, duka, mazungumzo, ugomvi wa nyumbani. Mara nyingi tunafunga kwa sababu tumechoka, na tunajua hakuna atakayeuliza. Nawaomba jambo dogo tu. Kabla ya kupiga msumari wa mwisho, nyamaza kidogo, usikilize kama ndani amebaki mtu. Akiwa amebaki mmoja, sema amebaki mmoja.