Kilio cha Mtu Aliyebeba Sinia

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko saluni pale mjini na mashine ya kukaushia nywele inanguruma, izime kidogo, mteja atasubiri. Leo tunamkumbuka mtu. Jina lake Alexis Asukulu. Narudia kwa waliochelewa kufungulia redio: Alexis Asukulu, wa Bertrams hapa Joburg, aliyefariki mwezi uliopita. Mimi mwenzenu Zuhura. Leo sina mzaha mwingi, ingawa habari yenyewe imeanzia kwenye vichekesho.

Wengi mlimjua kwa sauti, si kwa sura. Alexis alikuwa akitafsiri filamu. Siku za kazi alikuwa mlinzi kwenye geti kule Kensington. Jumapili, watu wakishatoka kanisani, alitundika shuka jeupe ukutani, kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la fundi cherehani Hénock. Akawasha projekta, akashika maiki, akawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili. Wanaume, wanawake, watoto, hata mbwa. Mimi wa Tanga nilimtania sana juu ya Kiswahili chake cha Baraka, kule Fizi. Alikuwa ananijibu, "Dada Zuhura, sasa mbona unacheka?" Nilikuwa nacheka, tusidanganyane.

Filamu alizipata Kensington hukohuko. Mzee mmoja wa Kizungu alifariki, watoto wake wakatoa vitu nje, na Alexis akapewa sanduku zima la diski. Vichekesho vya zamani vya Wamarekani, vya sinema na vya televisheni, vya enzi ambazo picha haikuwa na rangi. Hakuna matusi, hakuna aliye uchi. Hata mchungaji alikuja kutazama, akaleta na kiti chake.

Na mtu mweusi yumo humo. Anafungua mlango, anabeba mabegi, anapika. Akisikia kimlio kidogo anatoa macho, magoti yanagongana, anatafuta dirisha la kutokea. Tajiri wake haamini lolote analosema. Kila akitetemeka, kicheko kinatoka ndani ya filamu yenyewe. Mnakijua kile kicheko cha watu wasioonekana. Kilirekodiwa zamani sana, na wengi wa waliocheka wako makaburini sasa. Bado wanacheka.

Alexis ana binti, anaitwa Carmel. Amezaliwa hapahapa Joburg. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza au Kizulu. Jumapili moja ukumbi umejaa, watu wanashika mbavu, Carmel akasimama. Siku hiyo aliongea Kiswahili, ili kila mtu aelewe. Akasema, "Papa, huyo wanayemcheka ni wewe. Ni wewe pale kwenye geti."

Filamu ikaendelea kucheka peke yake.

Mkewe, Joséline, Mrundi wa Rumonge, ameniambia kwamba siku hiyo Alexis alirudi nyumbani, akasukuma sahani pembeni, akasema mtoto amesema kweli. Hakuziacha zile filamu. Alifanya jambo jingine. Aliwapa wale watumishi maneno yao wenyewe. Tajiri akisema hakuna mzuka ndani ya nyumba, mtumishi anamjibu kwa sauti ya Alexis, "Upo, bwana. Jana nimeuona umevaa soksi zako." Watu walicheka hadi machozi, na safari hii tulijua tunamcheka nani.

Aliwahi kuja hapa studio, akakaa kwenye kiti hiki cha mbele yangu. Aliniambia hivi: "Angalia vizuri, dada. Yule mtumishi ndiye wa kwanza kuona mzuka. Na mzuka upo kweli, unatokea baadaye, kila mtu anauona. Yeye ameona kweli, na yeye ndiye anachekwa. Kwetu Fizi pia, aliyetetemeka mapema hatukumsikiliza." Nilidhani anaongea juu ya filamu. Tulipiga wimbo, akaondoka.

Sasa sogeeni, maana hapa ndipo mimi mwenyewe mwili unanisisimka.

Katika zile filamu kulikuwa na mtu mwingine mweusi. Si yule wa kutoa macho. Huyu alisimama mlangoni tu, nyuma kabisa, koti jeupe, sinia mkononi. Hasemi kitu. Filamu ikiisha na majina yakipanda, lake halimo. Alexis alimwona katika filamu moja, akamwona katika nyingine. Nyumba tofauti, matajiri tofauti, miaka tofauti. Umri wake uleule. Hénock anasema ilifika mahali Alexis akawa anasema tu, "Yule tena."

Akampa jina. Akamwita Gaël. Kila Gaël akitokea mlangoni, Alexis aliacha Kiswahili, akamsemea kwa Kibembe, lugha ya kwao, polepole, kwa sauti ya chini. Joséline alikuwa anakaa mstari wa mbele. Namnukuu: "Sauti ile sikuijua, dada. Na mimi ndiye ninayelala na huyu mtu."

Halafu Jumapili moja, katikati ya filamu, Alexis akaweka maiki chini. Akasema, "Amenitazama." Watoto wakacheka. Wakubwa hawakucheka. Pale kwenye shuka, yule mtu wa mlangoni alikuwa amegeuza shingo, na macho yake yalikuwa yanatazama upande wa projekta. Hénock alikuwa anarekodi kwa simu yake. Video hiyo ipo. Nimeiona, na kurudia kuitazama sitaki.

Miongoni mwa watazamaji alikuwapo Mama Vestine, Mrundi, yule anayeuza mboga karibu na robot, zile taa za magari za barabara kubwa. Mama Vestine alimpenda sana Gaël. Alisema ni mtu mwenye adabu, hafanyi fujo kama wale wengine. Siku hiyo, wakati Alexis anakunja waya, akamsogelea. "Papa Carmel, huyu mzee wetu Gaël bado yuko hai?" Alexis akamjibu bila kuinua kichwa, "Hapana, Mama. Alishakufa."

Basi. Mama Vestine hakuuliza alikufa lini, wala wapi. Sisi hatuulizi. Ukisikia mtu unayemjua amekufa, unapeleka habari, unafunga kitenge kiunoni, unapika.

Jumapili iliyofuata Alexis anafika na projekta yake kwapani, anakuta viti vimeondolewa. Mikeka imetandikwa. Kuna sufuria ya maharage, kuna chai, wanawake wamekaa chini. Juu ya meza ya kukatia nguo ya Hénock kuna picha kwenye fremu: yule mtu na sinia lake, imetolewa kwenye ile video ya simu. Mama Vestine akampokea mlangoni kwa mikono miwili. "Pole, Papa Carmel. Pole kwa kuondokewa na mtu wako."

Mtu mwingine angecheka. Angewaambia, jamani, huyu ni mwigizaji wa Marekani, hata simjui. Mimi ningesema hivyo, na ningewatania mwaka mzima. Alexis alimpa Hénock projekta, akavua viatu, akaenda kukaa kwenye mkeka, mahali pa mfiwa. Akalia. Alilia mpaka Mama Vestine naye akaogopa.

Halafu akasema, "Ni mdogo wangu."

Wasikilizaji wapendwa, Gaël alikuwa mdogo wake Alexis. Gaël Asukulu. Tumbo moja, baba mmoja. Siku vita ilipofika kwao, Gaël alikuwa anatetemeka tangu asubuhi, anasema kuna watu mlimani. Kaka zake wakubwa na majirani wakamcheka. Alexis naye akamcheka. Kufika mchana, wote walikuwa wanakimbia kuelekea ziwani, na katika kukimbia walipotezana. Hajaonekana tena. Mwili haukupatikana, kilio hakikufanyika. Alexis alipofika Afrika Kusini alifunga mdomo. Joséline alijua. Carmel, siku ile kwenye mkeka, ndipo alipojua ana baba mdogo.

Kwa hiyo kilio kile kilianza kwa makosa, na kikawa kilio cha kweli. Watu walikula, wakasali, wakaimba, wakamtaja Gaël kwa jina lake.

Jumapili iliyofuata Alexis akatundika shuka. Diski ileile. Mlango ukafunguka, na pale mlangoni hapakuwa na mtu.

Wakaweka filamu nyingine. Hayupo. Nyingine tena. Hayupo. Mama Vestine akafanya ishara ya msalaba, akabeba kapu lake.

Mimi si mtu wa mizuka, mnanijua. Nilisema diski zimebadilishwa, au watu wameingia ukichaa wa pamoja. Nikaenda nyumbani kwao Bertrams, mchana kweupe, pazia wazi, na mashabiki wanapita barabarani kwenda uwanjani Ellis Park. Nikakaa na Carmel kwenye kochi, akaweka diski. Tajiri amekaa anasoma gazeti. Mlango unafunguka. Hakuna anayeingia. Tajiri ananyoosha mkono pembeni bila kutazama, kama mtu aliyezoea kuletewa. Mkono unabaki hewani, mtupu, muda mrefu mno. Na watu wanacheka. Kicheko kilekile. Sijui walikuwa wanacheka nini. Nilimwomba Carmel azime.

Sasa nawapeleka Baraka, kwa mama yao. Mama Nyassa yu hai, ni mzee, masikio yake mazima. Baada ya kile kilio, Alexis alimpigia simu kumwambia: Mama, tumemlilia Gaël. Alidhani anamtua mzigo. Mama yule kwa miaka yote hiyo amekataa kulia, kwa sababu maiti hajaiona. Kila jioni anamwekea Gaël chakula chake. Alimjibu Alexis hivi: "Umemzika mwanangu akiwa hai. Nani amekutuma?" Akakata simu.

Alexis akapiga tena. Hakupokelewa. Alipiga wiki baada ya wiki. Halafu kifua kikamshika, akalazwa, na akafariki mchana mmoja, Joséline amemshika mkono. Mama yake alikuwa hajapokea simu yake. Joséline ameniambia: "Alitaka kitu kimoja tu, mama yake alie. Alie amalize. Hakukipata."

Kazi ya kipindi hiki mnaijua, ni kutoa pole. Na pole hii ilinipa shida. Nikimtaja Gaël kuwa ni marehemu, namuumiza mzazi wake, na redio hii inasikika hadi kwao kwa simu. Nikimwacha, nitakuwa nimekifuta kilio cha Alexis. Nikampigia Mama Nyassa. Nikamwomba ruhusa. Akanijibu, "Taja mmoja. Mwingine yuko safarini." Nikasema sawa, Mama. Nani angebishana naye?

Carmel alikuwa pembeni yangu. Akaniomba simu. Yule mtoto wa Kiingereza na Kizulu akaongea Kiswahili na bibi yake, kwa shida, anatafuta maneno, anamwita Koko. Akamwambia, Koko, nakutumia video mbili, tazama ukiwa tayari. Ya kwanza ni ile ya Hénock. Ya pili ni ya mlango mtupu.

Mpaka jana sikuwa na jibu. Leo asubuhi simu imeita, nikiwa hapahapa naandaa kipindi. Ni Mama Nyassa. Hakunisalimia.

Akasema, "Nimemwona. Anaegemea mguu wa kushoto. Anasimama hivyo tangu alipoanguka na baiskeli. Alikuwa amesimama pale miaka yote hiyo, na sinia, na hakuna aliyemwambia aketi."

Ningemwambia nini, kwamba yule ni mwigizaji wa Marekani, wa zamani kabla Gaël hajazaliwa? Akaniuliza, "Na ule mlango mwingine, wewe pia umeuona mtupu?"

"Ndiyo, Mama. Nimeuona kwa macho yangu."

Halafu akalia. Nikasikia wanawake wa pale nyumbani wanakuja, mmoja mmoja, wanapokea kilio. Sikukata simu. Nililia na mimi, fundi mitambo wangu ni shahidi. Mama aliporudi kwenye simu sauti ilikuwa imekauka, lakini imetulia. Akaniambia, "Sasa wataje wote. Anza na mdogo."

Mama Nyassa, najua unasikiliza. Pole kwa kuondokewa na mwanao Gaël Asukulu. Pole kwa kuondokewa na mwanao Alexis Asukulu. Joséline, pole, dada yangu. Carmel, pole, na asante kwa ulivyosimama siku ile ukumbini. Mungu awapokee wote wawili, wapumzike.

Wasikilizaji wapendwa, zile filamu bado zipo, na watu bado wanazitazama na kucheka. Siwakatazi. Ila ukitazama, mtafute na yule wa nyuma, asiye na jina. Na wewe uliyevuka mipaka ukafika mji huu, ukaanza kazi kesho yake, hukupata hata siku ya kukaa chini, unaye wako. Najua unaye. Mtaje sasa hivi, hapo ulipo, kwa lugha ya kwenu. Mimi nanyamaza ili mpate nafasi.